Bi Azza na Mkebe wa Maaskofu

Kila kipande cha fedha kilichofika mkononi mwa Bi Azza binti Hamdun kilipita kwanza ulimini mwake. Hakuuma, kama wafanyavyo wengine. Aligusisha ncha ya ulimi tu, akafumba macho, akahukumu: "Fedha," au "Shaba hiyo." Fedha safi haina ladha, alisema, ni baridi, halafu hakuna kitu. Shaba ndiyo inayosema. Alifanya hivyo Ibra, katika soko la wanawake la Jumatano, alikokaa miaka thelathini na mbili na jamvi lake la vikuku na mikufu ya kale. Alifanya hivyo pia mahali pasipostahili. Katika harusi moja Al Qabil alimshika bibi harusi mkono kana kwamba anamwombea dua, akauinamia, akakilamba kikuku. "Nusu kwa nusu," akawaambia wageni. Mama mkwe hakumsalimu tena mpaka alipokufa, na Bi Azza aliona hasara haikuwa yake.

Alikuwa mamkubwa wangu, dada wa mama yangu. Alikufa mwaka jana, mwezi wa Novemba, na waliokuja kuhani walimsifu kwa ukweli wake. Hawakukosea. Alikuwa mkweli kama msumeno. Nilimwendesha sokoni kila Jumatano kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo sidhani kama tulipata siku tano za amani.

Yeye na mama walizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Mkunazini, wawili tu, Azza mkubwa na Ghalia mdogo, wamepishana miaka miwili. Baba yao alikuwa karani wa forodha. Asubuhi moja ya mwaka wa sitini na nne alitoka kwenda kutazama jirani yake kama yu salama, na hakurudi. Azza alikuwa na miaka kumi na sita. Alikaa kizingitini siku tisa, hali mpaka alishwe. Mwaka uliofuata akaozwa, akaondoka na mumewe, Kuwait kwanza, halafu huku Oman mlango ulipofunguka. Ghalia alibaki na mama yao aliyekuwa mgonjwa. Serikali mpya ilipotafuta wasichana wa kupelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea uuguzi, Ghalia alijiandikisha. Akakaa Magdeburgi miaka mitatu.

Hilo ndilo Bi Azza hakulisamehe. "Walimuua baba," alikuwa akisema, "wakamvisha binti yake kofia nyeupe, naye akasema ahsante." Mama alipohamia Oman mwaka wa sabini na nane, akaajiriwa hospitali, dada yake alimpokea kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka kiunoni. Hata hivyo mama alinunua gari, na kila Jumatano, miaka nenda miaka rudi, alitoka Ibra alfajiri kwenda Al Qabil kumchukua Azza na mabunda yake kumleta sokoni. Njiani hawakusema kitu. Nilipokuwa msichana nilipanda nao mara moja wakati wa likizo, na ninakumbuka sauti ya vikuku nyuma ya gari, vikigongana kwenye kila shimo, na wao wawili mbele wakitazama barabara kama watu wasiojuana waliokodi gari moja.

Kutoka Magdeburgi mama alileta kitu kimoja tu alichokithamini: mkebe wa biskuti wa rangi ya buluu, na ndani yake vibahasha thelathini na kimoja vya karatasi, kila kimoja na sarafu ya fedha. Alipewa na mjane wa mchungaji, bibi kizee mwenye kidonda cha mguu ambacho mama alikuwa akienda kukifunga nyumbani kwake. Kila alipokwenda, yule bibi alimpa sarafu moja. Kidonda kilichukua mara thelathini na moja kupona, au bibi kufa. Mama hakutaka kueleza ni lipi. Na juu ya kila kibahasha mama aliandika kwa penseli mahali sarafu ilikotoka, halafu maneno machache ya siku hiyo. *Halbastati. Theluji imechafuka, nimefurahi kuona kitu kichafu. Magdeburgi. Mzee wa kitanda cha saba amekufa akinishika kidole. Magdeburgi. Leo nimeota kwa Kijerumani, nimelia.* Mama hakuandika kitu kingine maishani mwake. Alichokuwa nacho cha kusema kuhusu miaka ile kilikuwa juu ya vibahasha vile.

Sarafu zenyewe zilikuwa nyembamba ajabu. Ganda la kitunguu lingezishinda unene. Zilikuwa na upana wa kizibo cha chupa, zimepigwa upande mmoja tu, hata ukigeuza moja unaiona picha ile ile imebonyea kinyume. Katikati amekaa askofu, kofia ya pembe mbili kichwani, mkono mmoja ana fimbo iliyopinda kichwa, mkono wa pili kitabu. Miaka mia nane iliyopita, katika nchi zile, askofu hakuwa mtu wa mimbari peke yake. Alikuwa na nchi yake, soko lake, mahakama yake, na nyundo yake ya kupigia fedha. Mama alinieleza nikiwa mdogo, na baadaye nilipokuwa mkutubi wa chuo hapa Ibra nikasoma mwenyewe. Kila mwaka, na Magdeburgi mara mbili kwa mwaka, askofu alizitangua sarafu zake. Watu walizileta za zamani sokoni, wakatoa nne wakapewa mpya tatu. Za zamani zikaingia motoni. Zilizobaki mpaka leo nyingi ni zile ambazo mtu fulani alizificha chunguni, akazifukia, asirudi tena kuzifukua. Nilipoishika moja nilimfikiria mtu huyo zaidi ya askofu.

Mama alikufa miaka mitatu iliyopita. Kitandani aliniambia neno moja tu juu ya dada yake: "Jumatano usimwache Azza."

Siku ya nne, matanga yamekwisha na majirani wachache wamebaki barazani, Bi Azza aliingia na bakora yake. Hakukaa.

"Nipe fedha za Ghalia."

Nilijua anachotaka. Huku bara ya Oman ilikuwa desturi zamani: mwanamke akifa, fedha aliyoivaa haivaliwi na mwingine. Hupelekwa kwa sonara ikayeyushwa, ikatoka kitu kipya cha mtu mwingine. Kwetu Unguja mapambo ya mama huvaliwa na binti, na binti wa binti. Lakini Bi Azza alipofika Al Qabil mwaka wa sabini na mbili, wanawake walikicheka Kiarabu chake, wakamwita Zinjibariya, wakamuuliza kama kweli anajua kuswali. Aliwajibu kwa kuzikamata desturi zao kwa nguvu kuliko walivyozikamata wao. Wenyeji walizilegeza mmoja mmoja; yeye hakulegeza hata moja.

Nikamletea vikuku vinne vya mama, mkufu, na pete mbili. Alivilamba kimoja kimoja mbele ya watu, akavifunga ndani ya leso.

"Na zile za Kijerumani."

"Zile si mapambo, mamkubwa. Ni kumbukumbu."

"Ni fedha, si fedha?"

"Ni fedha."

"Ya maiti, si ya maiti?"

Nikainama kukusanya vikombe.

"Basi fedha ya maiti haikai nyumbani. Weye ndo msomi, mbona kitu chepesi kinakushinda? Na juu yake misalaba, na mapadri wamekaa wamejitanda kama wanangoja chai. Nyumba ina msahafu hii!"

"Sitoi, mamkubwa."

"Hutoi." Akawageukia wanawake. "Mwaona? Mama kala kwa waliomuua baba yake. Mtoto kaziweka picha zao ndani."

Mmoja alikiinua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu, akajifanya anakunywa.

Jumatano iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa mlangoni kwake Al Qabil.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Maaskofu hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakusalimu."

"Mola awaunguze," alisema, akafunga mkanda.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mama na yeye walikuwa wakinyamaza njiani; sisi tuligombana. Aliniambia nimeachwa na mume kwa sababu nasoma nikiwa mezani. Nilimwambia yeye mumewe alikufa ili apumzike. Alicheka kwa hilo, kicheko kimoja kikavu, kisha akaniambia mkoba wangu ni wa ngozi ya bandia. Sokoni nilimsaidia kutandika, nikaenda kazini, saa sita nikarudi kumchukua. Wateja walimwogopa na walimtaka. Mwanamke angetoka Sur au Jalan na kikuku cha bibi yake amekifunga kwenye kitambaa, akasimama mbele ya jamvi akingoja ule ulimi kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Jumatano moja, kwa ujinga wangu, nilimweleza habari ya wale maaskofu na ile nne kwa tatu. Nilitaka aone kwamba zile si picha za ibada. Zilikuwa fedha za sokoni, na zilizobaki ni za mtu aliyekataa kunyang'anywa. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lingenitisha.

"Mara mbili kwa mwaka?"

"Magdeburgi, ndiyo."

"Na za zamani zikitiwa motoni?"

"Zote zilizopatikana."

"Basi unaona!" Alinipiga paja. "Hata makafiri walijua. Cha jana ni cha jana, kinayeyushwa. Mie nnafanya kazi ya askofu, weye unanizuia. Lete mkebe."

"Mamkubwa, wao waliwaibia watu."

"Na mie nimekuibia nini? Lete mkebe, halafu uniite mwizi."

Tulifika kwenye mzunguko wa Ibra. Nilikuwa nimekasirika, na kwa hasira nikatafuta kitu cha kumchoma.

"Mmoja si askofu," nilisema. "Ni mwanamke. Mkubwa wa watawa wa mji unaoitwa Kwedlinburgi. Naye alikuwa na nchi yake na fedha yake."

"Mwanamke kapiga fedha?"

"Na soko lilikuwa lake. Watu walikuwa wakimpelekea sarafu zao, yeye ndiye aliyesema ipi inafaa na ipi haifai."

Alikizungusha kikuku chake mkononi.

"Mama ameandika juu ya kibahasha chake: *Uso wa dada Azza.*"

Alitazama dirishani kwa muda. Nilidhani nimempata.

"Ana pua?" aliuliza.

"Hana. Imefutika."

"Macho?"

"Vitone viwili."

"Ghalia hakujua kutazama watu," alisema. "Ndo maana aliolewa na baba yako."

Lakini aliposhuka, kabla sijafungua buti, aliniuliza kwa kujitia hajali: "Alikuwa mkali, huyo bibi?"

"Vitabu havisemi."

"Alikuwa mkali," alisema, akachukua bunda lake.

Mwaka wa pili aliugua. Alilazwa wiki mbili, akatoka amekonda, mguu wa kushoto unaburura. Wiki iliyofuata hospitali alitaka kwenda sokoni, nikampeleka. Nilikuwa nimenunua halwa ya zafarani kwa ajili ya kafara ya ugomvi wa wiki ile, bado ina moto. Alikula vijiko vitatu.

"Halwa yako haina sukari."

Nilionja. Ilikuwa tamu ya kuumiza meno.

"Mamkubwa?"

Alikiweka kijiko chini polepole. "Ulimi wangu umekufa," alisema. "Tangu hospitali. Chumvi, sukari, ndimu, hamna kitu. Ukimwambia mtu nitakulaani mpaka kaburini kwako."

"Na sokoni?"

"Nina mkono, nina sikio. Fedha nnaijua kwa uzito na kwa mlio. Nimeijua hivyo siku zote."

"Basi ulimi wa nini?"

"Wao wananunua ulimi," alisema. "Yallah, twende."

Siku ile nilisimama kidogo kumtazama. Mwanamke wa Bidiya alileta bangili pana ya zamani. Bi Azza aliipima kiganjani, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio kana kwamba anaikung'uta vumbi, halafu akaigusisha ulimi, akafumba macho muda ule ule wa siku zote. "Fedha," alisema. Hakukosea. Mwezi mzima nilimchunguza na hakukosea hata mara moja, na mimi peke yangu katika soko lile nilijua kwamba sehemu ile waliyoifuata watu ilikuwa tupu. Sikumwambia mtu. Wakati ule niliona ni wema.

Mwishoni mwa Septemba mwaka jana alianza tena habari ya mkebe, safari hii kwa bidii ya mtu anayeona siku zinamwishia. Alisema atamleta sheikh. Alisema atawaambia wakuu wa chuo changu kwamba naweka masanamu. Alisema mama yangu kaburini hana raha na kosa ni langu. Tulikuwa barabarani, jua limenipiga usoni, na sikuwa nimelala vizuri. Nikasema:

"Ukilitaja jina la mama tena, nitasimama katikati ya soko niwaambie wote kwamba ulimi wako umekufa mwaka mzima na unawachezea."

Nilisikia vikuku vikigongana nyuma ya gari. Toka pale mpaka Ibra hakusema neno, wala saa sita kurudi. Tulifika Al Qabil, akashuka peke yake, akakataa mkono wangu, akaburura mguu mpaka mlangoni. Mtu akinitukana najua la kufanya. Kwa kimya kile sikujua, nikajiambia kwamba angalau nimemnyamazisha.

Siku iliyofuata nikiwa kazini, alikodi teksi mpaka nyumbani kwangu. Alikuwa na ufunguo wa mama. Hakuna aliyewahi kukumbuka kumtaka aurudishe. Niliporudi sikuona kitu. Mkebe ulikuwa rafuni pale pale, na sarafu zile hazikuwa na uzito ambao mtu angeuhisi zikikosekana. Ijumaa asubuhi niliufungua, kama nilivyozoea siku za mapumziko, nisome kibahasha kimoja au viwili. Vyote vilikuwa vitupu. Alikuwa amevipanga vizuri kuliko nilivyovipanga mimi. Nilihesabu mara mbili: vilikuwa thelathini.

Sikumpigia simu. Nilijua fedha zake zote za kuyeyusha alizipeleka Nizwa kwa Marhun, sonara wa makamo ya mzee, mwenye kibanda nyuma ya soko la mbuzi. Niliendesha moja kwa moja. Mbuzi walikuwa bado wanazungushwa, watu wanapiga kelele za bei, nikapenya katikati yao nikiwa nimeufumbata mkebe kama mtoto.

Marhun aliuona mkebe, akaacha alichokuwa akifanya.

"Wewe ndiye binti wa dada yake," alisema kwa Kiarabu chake cha Nizwa.

"Ziko wapi?"

Alifungua mtoto wa meza, akatoa kidonge cha fedha, cheupe, kimeviringika upande mmoja na bapa upande wa pili. Kilikuwa kadiri ya kunazi. Maaskofu wa Magdeburgi na wa Halbastati, mabwana wa masoko na mahakama, na mtu yule aliyefukia chungu, wote walikuwa pale, na ningeweza kuwafumba mkononi mtu asijue kama nimeshika kitu.

"Nilimwambia," alisema Marhun. "Wallahi nilimwambia. Hajja, sisi huyeyusha kilichovaliwa. Sarafu haivaliwi na mtu, haina hukumu hiyo. Na hata vya kuvaliwa, nani anayeyusha siku hizi? Mimi mwenyewe vikuku vya mama yangu viko kabatini, anavivaa mke wangu. Hiyo ni desturi ya babu zetu, na babu zetu wamekufa."

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Miaka hamsini mnaniambia mie si wa hapa. Leo nnafanya ya hapa, mnaniambia ya nini.' Ningemjibu nini mimi? Nikawasha moto."

Aliniwekea kidonge kiganjani. Kilikuwa baridi. Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kujitukana.

"Ilikuwepo moja zaidi," alisema. "Kabla ya kunipa alizilamba zote, moja moja. Thelathini akasema fedha. Ya mwisho, ya mwanamke na kitabu, akaitazama sana. Akailamba. Akasema shaba, haiingii motoni. Nikaichukua, nikaisugua kwenye jiwe langu la kupimia, nikatia dawa. Ilikuwa fedha kama zile nyingine, pengine safi kuliko hizo. Nikamwonyesha jiwe. Akaninyang'anya, akairudisha kwenye karatasi yake, akaitia kifuani. Nimefanya kazi na hajja miaka thelathini. Hajapata kukosea. Nikafikiri labda uzee."

Sikumwambia Marhun habari ya ulimi. Bado sijui kwa nini. Nilikuwa nimeahidi kusema katikati ya soko, na pale nilipewa soko zima.

Kutoka Nizwa mpaka Al Qabil ni njia ndefu, na muda wote nilipanga maneno. Nilimkuta kitandani, mchana mweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chumba kilinukia ubani na dawa ya kuchua. Sikutoa shikamoo.

"Umeniibia mama yangu," nilisema.

"Mama yako alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mama yako." Hakugeuza kichwa. "Miaka kumi na minne kabla ya sitini na nne. Weye hukuwepo."

"Zilikuwa kitu chake cha pekee. Miaka yake mitatu."

"Ndo hiyo miaka mitatu mie niliyoitaka. Miaka hamsini kafungwa na wale mapadri ndani ya mkebe wa biskuti. Nimemtoa kwao. Khalas. Sasa ni marehemu kama marehemu wengine, wa kwetu."

"Wa kwetu? Hata Marhun anakucheka na desturi yako. Hakuna anayeifanya tena. Umezitia motoni kwa desturi waliyoitupa wenyewe."

Hapo aligeuka. Sijapata kuona uso umefungwa namna ile. Nilijua nimempiga mahali ambapo wanawake wa Al Qabil walimpiga mwaka wa sabini na mbili, na sikuona haya, si wakati ule.

"Toka," alisema.

Nilikiweka kidonge cha fedha kwenye kimeza, karibu na dawa zake. "Hiki chako. Tengeneza kikuku."

"Toka, nimesema."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita, si kwa jina, kwa ule mlio wa ulimi anaoitiwa paka. Alikuwa ametia mkono kifuani. Akatoa kibahasha, kimelegea kwa joto la mwili, penseli ya mama imeanza kufifia: *Kwedlinburgi. Bi mkubwa wa watawa. Uso wa dada Azza.* Alininyooshea bila kuniangalia. Nikakifungua palepale. Bibi yule alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitabu mkononi, hana pua, vitone viwili vya macho vinanitazama.

Sikumpeleka sokoni Jumatano ile, wala zilizofuata. Alikaa Al Qabil na mimi nikakaa Ibra, mwendo wa nusu saa kwa gari, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Katikati ya Novemba walinipigia simu alfajiri. Kidonge cha fedha walikikuta chini ya mto wake. Vikuku vyake wakaniuliza vipelekwe kwa sonara gani, kwa kuwa yeye mwenyewe angetaka hivyo; nikawaambia Nizwa, kwa Marhun, na kidonge hicho kiende pamoja navyo.

Basi maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake ni ya Ijumaa ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sarafu kiganjani, bado nina hasira, bado nataka kushinda.

"Kwa nini hukuiyeyusha hii?"

"Shaba hiyo," alisema. "Haina hukumu."

"Marhun ameisugua kwenye jiwe. Anasema ni fedha."

Alijivutia shuka mpaka kidevuni, akafumba macho, muda ule ule wa siku zote.

"Marhun ana jiwe," alisema. "Mie nna ulimi."